Vijimea Nyuma ya Mwamba wa Zege

Kaka yake ndiye aliyembandika jina la Macho Manne, tangu alipoajiriwa maabara ya maji akawa anashinda ameinamia hadubini. Kaka mwenyewe alikuwa fundi zege. Mawe ya saruji yaliyozamishwa ghubani ili samaki wapate makao, mengi aliyamimina yeye, na samaki kweli walikuja. Mkewe naye akapata riziki kwa kubandua chaza walioota juu yake.

Kazi ya Macho Manne ilikuwa kuchota maji pande zote mbili za mwamba huo wa mawe na kuchunguza vijimea vyake, vidogo kupita kiasi, ambavyo chaza huvichuja na kuvila. Upande wa bahari wazi mambo yalikuwa yaleyale. Nyuma ya zege, maji yalikuwa yamepunguza mwendo na kinyesi cha samaki kikayarutubisha. Vijimea vya zamani vikapungua, vikatamba vingine vyenye vimkia, vile vinavyomtia chaza sumu isiyotoka hata umchemshe vipi.

Akapima tena, moyo ukiomba awe amekosea. Hakukosea. Akampelekea mkuu wake majibu, kisha akapita kwa kaka yake kabla tangazo la kupiga marufuku chaza halijatoka.

"Kwa hiyo mwamba wangu ni sumu?" kaka akauliza.

"Si mwamba, kaka. Ni maji yaliyolala nyuma yake. Chaza wasiliwe kwa sasa."

"Jana tumewala. Tumekufa?"

Wifi yake alikuwa ananoa kisu cha kubandulia. Hakuinua uso. "Ungetuambia sisi kwanza, wifi."

"Si ndiyo nimekuja, wifi yangu."

"Umekuja ukiwa umeshaufunga mlango."

Ghuba ikafungwa, chaza wasivunwe. Hakuna aliyeugua, na hilo ndilo lililomponza: watu wakasema ameota jinamizi kwenye kioo cha hadubini. Angewaonyesha nini, maiti ambaye hakufa? Wifi akaanza kufulia watu nguo, sabuni ikamchubua vidole. Kaka hakugomba.

Siku hizi wanamuuguza mama yao kwa zamu. Akiingia Macho Manne, wifi anatoka. Wanasalimiana kwa adabu, kama wapangaji. Juzi kaka alimsubiri mlangoni.

"Bado vipo?"

"Bado, kaka. Vimezidi."

Kaka akatikisa kichwa, akachukua chupa ya chai, akaenda zake. Ndani, mama alikuwa anauliza kwa nini wanawe hawaji pamoja.