Pale Kanda Ilipokatwa

Kanda aliileta kaka yangu kutoka Mwenge, alikokuwa akichonga vinyago. Mtalii mmoja aliipenda kazi yake, akamwachia zawadi: nyimbo za roki za mwanzoni mwa miaka ya tisini, za vijana wa Kizungu wenye nywele zisizojua kitana, magitaa yakikwaruza kama mtu anapara samaki.

Kwetu Kiwalani majirani walisikiliza dansi na taarabu. Mama alikuwa fundi cherehani, na tulidhani kelele zile atazitupa jalalani. Badala yake aliacha kushona, akatega sikio.

"Huyu mtoto ana huzuni," alisema kuhusu mwimbaji. "Ila si mnafiki."

Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, lakini hilo hata sisi tulilisikia. Anaanza kwa kunung'unika kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha, halafu ngoma zinaingia na yeye analipuka. Sijasikia tena muziki unaokasirika kwa ukweli namna ile. Nyimbo za siku hizi nazipenda, lakini nyingi zinanibembeleza. Zile hazikunibembeleza hata kidogo.

Kaka alinunua shati zito la drafti, la mitumba, akalivaa na joto lote lile la Dar.

"Baba, utayeyuka kwa ajili ya watu wasiokujua," mama alimtania.

"Ndo staili, mama."

Siku ile ile ya kwanza redio ilikuwa imeila kanda, katikati ya wimbo ambao baadaye tuliupenda kuliko zote. Mama akakata kipande kilichosokoteka kwa mkasi wake wa kazi, akaunga kwa seloteipu. Tangu hapo wimbo uliruka, kutoka kwenye kunung'unika moja kwa moja hadi kwenye ngoma. Kaka akapageuza mchezo. Ikikaribia sehemu ile alipanda kwenye benchi la wateja, akapiga ukelele, "Ruka!" na kujitupa sakafuni sambamba na ngoma. Wateja walizoea, wakawa wanavuta miguu mapema.

Mwaka jana kaka alifariki. Mama aliizima redio, akaifunika kitambaa, na haikuwashwa tena. Kaka namlilia mpaka leo, lakini kilichonitisha ni ule ukimya. Niliogopa mama naye anaondoka taratibu, huku amekaa pale pale kwenye cherehani.

Jumapili iliyopita niliupata wimbo ule kwenye simu. Nikaenda Kiwalani, nikamwamkia, nikauweka bila kuomba ruhusa. Hakunizuia. Tulipokaribia pale, wote wawili tukaliangalia benchi.

Wimbo haukuruka. Uliendelea kwa gitaa moja tu, polepole, na mwimbaji akinong'ona maneno ambayo hatukuwahi kuyasikia. Ndipo ngoma zikaingia.

Mama alikuwa analia. "Kumbe nilikata kipande kizuri hivi," alisema. "Na mwenzio kaondoka hajakisikia."

Nikapeleka kidole kuzima simu.

"We, acha! Urudishe nyuma." Akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akanionyesha benchi. "Panda."

Nina mjukuu, na goti moja bovu. Nilipanda. Wimbo ukaanza kunung'unika, mama akiutikisia kichwa, mpaka tukafika kwenye lile gitaa la peke yake.

"Ruka!" mama alipiga ukelele, pale pale pa kaka, ngoma zikiwa bado hazijafika. Nikaruka.