Gari la Stima Liliondoka Kabla ya Amen

Niacheni nicheke mimi kwanza, kwa sababu mkianza nyinyi sitaweza kumaliza. Kuna aibu ya kujikwaa njiani, unaamka, unajipangusa, unaenda zako. Halafu kuna yangu. Hadi leo nikifungua duka langu pale Free Area lazima mtu apite akiuliza, "Wairimu, leo umefunga macho?" Nami naitikia, "Nimefunga," huku nikijifanya natafuta uzi chini ya meza.

Mimi ni fundi wa viti vya magari, na ndivyo nilivyoingia katika kile kikundi cha kujitolea. Kila Jumamosi tulikuwa tukienda shamba moja la makonge upande wa Rongai (Rongai yetu ya Nakuru, tafadhali, si ile ya Nairobi) kufufua gari la zamani linalotembea juu ya reli kwa stima ya betri. Liliwahi kubeba wafanyakazi kati ya shamba na kiwanda, kisha likasahauliwa bandani likageuka nyumba ya kuku. Mwenyekiti wetu, Mzee Kariuki, aliendesha treni hadi alipostaafu, na alilipenda lile gari kiasi kwamba mkewe alituuliza siku moja kama linajua kupika. Kiptoo alishika mambo ya betri. Mimi nikapewa viti, na hapa sitajifanya mnyenyekevu: viti vilitoka. Ngozi nyekundu, uzi mweupe, kitu ambacho ukikalia unajisikia waziri.

Shida ni kwamba shamba, reli na gari vyote vilikuwa vya Bwana Gurdip, mtu mpole lakini mtu wa biashara, na mnunuzi wa vyuma kuukuu alikuwa ameshamfikia. Akatuambia wazi, "Jumamosi nitaleta mama yangu hapa, apande. Iende mpaka kwa mizani, irudi. Ikienda na ikirudi, itakaa. Ikikwama, Monday lori inakuja kubeba." Mizani ni kibanda cha kupimia makonge, katikati ya mteremko. Basi Jumamosi zetu zote, mgongo wa Mzee Kariuki, kucha zangu zilizovunjika, zote zikawa zinangoja safari moja fupi.

Siku ikafika na watu wakajaa. Akina mama wa kwaya ya kanisa letu walikuja na sare zao, na Mchungaji Wanjohi nilimwalika mimi mwenyewe aje abariki gari. Bwana Gurdip alifika na viatu vyeupe pe, akimshika mkono mama yake mzee ambaye kila mtu anamwita Biji, na Biji alipoona gari alipiga makofi kama mtoto, maana alilipanda akiwa msichana. Gari lilikuwa limesimama juu kabisa, mbele yake mteremko. Mzee Kariuki alishalegeza breki ya mkono ili swichi ikiguswa tu liondoke kwa heshima, na kulizuia akaweka jiwe chini ya gurudumu, vile sisi wote huweka jiwe tukisimamisha gari mlimani.

Lilikuwa jiwe baya. Kubwa, la matope, na kuku walikuwa wamelisaini.

Na mimi nilitaka picha. (Mnielewe, nilikuwa nimevaa gauni la kitenge la kubana na viatu virefu, nimesukwa, na nyuma yangu kuna viti vyekundu nilivyoshona kwa mikono yangu, hamngetaka picha?) Kiptoo akanipiga ya kwanza, jiwe liko. Ya pili, nimegeuka upande, jiwe liko. Alipoinamia simu kufuta hizo mbili, nikainama nikalitoa. Gari halikusogea hata kidogo, nikajiambia, aa, hawa wanaume wanapenda tu kutisha watu. Nikalishika nyuma ya mgongo, nikatabasamu, picha ikatoka safi, na ile nageuka kulirudisha Mzee Kariuki akawa ameita wageni wapande. Bwana Gurdip akapanda, Biji akapanda, Mchungaji akapanda na kusimama katikati, Mzee Kariuki akasimama karibu na breki yake, na kabla sijafungua mdomo nikasikia, "Tuombe."

Sasa mimi ni binti wa shemasi. Kwetu kufungua macho wakati wa maombi ni karibu sawa na kuiba sadaka. Nikafunga, jiwe bado mgongoni, nikiomba maombi yawe mafupi, jambo ambalo halijawahi kutokea, maana Mchungaji Wanjohi amewahi kubariki pilau hadi ikaganda. Moyo ukakataa kutulia. Nikafungua jicho moja.

Gari lilikuwa linaenda.

Lilikuwa linaenda polepole na kimya kabisa, kwa sababu gari la stima halina mngurumo, na Mzee Kariuki alikuwa amepaka grisi kila mahali isipokuwa kwa chai yetu. Uzito wa wale wanne ndio uliolisukuma. Watu wote wameinamisha vichwa. Nifanye nini? Nipige kelele katikati ya maombi? Nikavua viatu nikaanza kulifuata kwa vidole, na lenyewe likaongeza mwendo, nami nikaongeza, na lile jiwe nikalikumbatia kifuani badala ya kulitupa (hata msiniulize kwa nini, mtu akishikwa na hofu hufanya kazi na alichonacho mkononi).

"Bwana, tusogeze mbele!" Mchungaji akaomba.

"Mchungaji!" nikanong'ona.

"Tutoe mahali tulipokwama kwa miaka mingi!"

"Mchungaji, breki!"

"Ndiyo, Bwana! Breki! Vunja kila breki ya adui!"

"Amina!" akasema Mzee Kariuki, macho yamefungwa kufuli, mkono uko pale pale kando ya breki. Alituambia baadaye kwamba alihisi anayumba, lakini akadhani ni presha yake. Bwana Gurdip alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu ya mgeni. Ni Biji peke yake aliyekuwa macho wazi, amekaa kwenye kiti changu chekundu, upepo unapeperusha mtandio wake, na aliponiona nakimbia kando ya reli na jiwe kifuani alinipungia mkono. Alidhani mimi ni sehemu ya sherehe.

Tukapita mizani. Mizani ndipo gari lilipaswa kusimama. Nilipiga nduru, nduru ya kweli sasa, na Mchungaji akasikia "haleluya," akapandisha sauti. Gauni likapasuka upande, nikaanguka kwenye matope, nikaamka, na chini huko penye tambarare, ambapo hatukuwa tumefyeka, gari likaingia kwenye majani marefu, likapunguza mwendo, likajikalia. Ng'ombe wawili wakaliangalia.

"Amen," akasema Mchungaji, akafungua macho. Akageuza shingo kulia, akageuza kushoto. "Kwani watu wako wapi?"

Ndipo nikafika, nahema, miguu mitupu, matope hadi nywele. Wote wakaniangalia usoni, kisha macho yao yakashuka hadi kifuani.

"Wairimu," akasema Mzee Kariuki polepole, "hiyo ni jiwe yangu?"

Nikasema ndiyo. Nikasema nililitoa kwa sababu ya picha, nikaona gari likianza kwenda, nikalifuata tangu kule juu. Mnadhani kilichomshtua Mchungaji ni jiwe? "Ngoja kwanza," akasema. "Uliliona likianza? Maombi yakiendelea?" Nikaona heri dunia ipasuke.

Bwana Gurdip yeye aliangalia tu kule tulikotoka. "Kwenda imeenda," akasema. "Sasa irudi."

Hatukuwa tumewahi kulijaribu kutoka huku chini. Betri za Kiptoo zilipimwa hadi mizani tu. Mzee Kariuki akaniambia nipande na jiwe langu, litahitajika. Akagusa swichi, mota ikavuma, na gari, Mungu ni mwema, likaanza kupanda. Nilitaka kulia. Likapanda, likapanda, mizani ikaonekana, kisha mvumo ukashuka, likatetemeka, likasimama. Breki ikavutwa, jiwe nikaliweka mimi mwenyewe. Mzee Kariuki alikuwa akipapasa ule mlango kama mtu anayeaga mgonjwa, na Bwana Gurdip akatoa simu mfukoni.

"Gurdip," akasema Biji. "Wewe iko mzito. Shuka."

"Biji, hii kitu imekwisha."

"Hapana kwisha. Nyinyi yote iko mzito. Mchungaji pia. Shuka, sukuma!"

Tajiri awe nani, mama ni mama. Bwana Gurdip akashuka na viatu vyake vyeupe, Mchungaji akakunja mikono ya shati, tukashika nyuma, nikaondoa jiwe (safari hii kwa ruhusa), tukasukuma. Lilipoona limepunguziwa mzigo lilichomoka, nasi tukabaki tumeshika hewa. Likapita mizani na Biji ndani akicheka, Mzee Kariuki akipiga kengele kama mwendawazimu, na sisi watatu nyuma tukilikimbiza mlima mzima, Mchungaji akiita, "Ngojeni! Ngojeni!"

Tulifika juu ulimi nje. Bwana Gurdip alipopata pumzi alipiga simu yake. "Boss, wacha hiyo lori. Imeenda, imerudi. Halafu mama yangu amekalia, amekataa kushuka." Mzee Kariuki alijifuta uso kwa kofia, na hakuijali grisi iliyokuwa kwenye kofia.

Lakini akina mama wa kwaya walikuwa wanalia, wengine wamepiga magoti. Kumbe sauti ya Mchungaji ilipofifia walidhani ameingia maombi ya ndani, wakainama zaidi. Mwishowe Mama Shiru akafungua macho, akaona gari haliko, Mchungaji hayuko, akapiga yowe, "Unyakuo! Bwana amechukua walio wake, tumeachwa!" Tulipofika alikuwa ameshamwambia jirani yake ukweli kuhusu kuku aliyepotea Krismasi.

Nimeapa mbele yenu kwamba sitaondoa tena kitu cha mtu kwa ajili ya picha, hata kiwe kibaya namna gani. Hiyo picha yenyewe ninayo, na nimetoka nimefumba macho.

Mama Shiru alikuja akanishika mabega, machozi bado yanamtiririka, akanikagua kuanzia miguu mitupu hadi nywele za matope.

"Kuachwa ningevumilia, Wairimu," akasema. "Hata Bwana Gurdip kwenda, na si wa kanisa letu, ningevumilia. Lakini nilipotafuta nikaona hata wewe umeenda, hapo ndipo nilianza kulia."