Maji Yalipokata

Injini ya boti yetu huvuta maji ya mto, hujipoza nayo, kisha huyatema nyuma pamoja na moshi. Geji ya joto ilikufa siku nyingi, kwa hiyo kazi yangu ni kukaa nyuma na kutazama bomba. Likitema maji, twende. Likitoa moshi mkavu, tuzime haraka. Mbele, kwenye usukani, hukaa baba mkwe wangu, mwenye boti.

Asubuhi moja ya masika tulikuwa tunapakia abiria wa kwenda Michenga, nikamwomba anisubiri nisafishe chujio la maji yanayoingia kwenye injini. Mafuriko yalikuwa yamebeba mabua ya mpunga kutoka mashambani, na takataka hizo huishia humo. Akaniambia mbele ya watu kwamba kila siku nabembeleza injini kama mwali. Abiria wakacheka. Nikaketi mahali pangu, nimenuna.

Katikati ya maji bomba likaacha kutema. Niliona vizuri kabisa. Mpira wa ekzosi ukaanza kunuka. Kwetu mkwe hamkosoi baba mkwe wake hadharani, nami siku hiyo nikajifanya mshika mila kuliko wote. Nilijiambia ni heshima. Uongo mtupu. Nilitaka aumbuke.

Injini ikazima yenyewe. Boti ikaanza kuchukuliwa na maji, abiria wakamjia juu, naye akaja nyuma mbio, akashika kwa kitambaa kifuniko cha tangi dogo juu ya injini, la maji ya ndani yanayopozwa na yale ya mto. Fundi yeyote anajua hakifunguliwi kikiwa cha moto. Yeye hakuwa fundi. Nilipopaza sauti alikuwa ameshakizungusha, na maji yaliyochemka yakamrukia usoni, upande wa kushoto.

Tuling'ang'ania matete. Nikatoa chujio, nikachomoa mabua kiganja kimoja, nikaingoja injini ipoe huku namsikia akiugulia. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Ningeimaliza kule kule tulikopakia abiria.

Hospitali ya mjini walimtibu uso ukapona, lakini jicho halikurudi. Siku aliyotoka tulikula nyumbani kwake, Lipangalala. Mke wangu alikuwa akipakua wali baba yake aliponigeukia.

"Mkwe, maji yalipokata, uliona?"

"Niliona, baba."

Mke wangu akasimama na upawa mkononi. Mzee akamwambia bintiye, "Mpe mumeo chakula." Akanipakulia, akaniwekea sahani bila kunitazama. Nilikula.

Sasa chujio nalisafisha kila asubuhi kabla abiria hawajafika, na hakuna anayenitania. Mzee bado anaendesha. Kila tukienda kidogo, bila kugeuza shingo, ananiuliza, "Yanatoka?"

"Yanatoka, baba."

Miaka yote ile kabla ya hapo hakuwahi kuniuliza.