Mawe Membamba ya Lukafu

Nilipopandishwa cheo kazini, mimi mtoto wa mfanyakazi wa reli, tulipewa nyumba yenye bwawa la kuogelea. Lubumbashi tuliliita pisini. Ilikuwa miaka ya Zaire. Kampuni ya serikali iliyochimba shaba ilikuwa na nyumba nyingi zilizoachwa na Wazungu, na mtu akipanda ngazi moja kazini alihama mtaa. Mimi nilikuwa mpima ardhi. Nilijua kusoma ramani za migodi, nilijua kuvaa abakosti, suti ile ya Zaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi, lakini kuogelea sikujua. Katika ukoo wetu hakuna aliyejua. Kwetu, kaskazini mwa Katanga, mto ulikuwa wa kuteka maji na kuvuka, basi.

Pisini yenyewe ilikuwa nzima, chini na ukutani. Kilichoharibika ni ukingo. Mawe ya juu yalikuwa yamepasuka, mengine yameng'olewa, na mahali pake palibaki saruji yenye mabonde. Miezi mitatu tuliishi na shimo kavu nyuma ya jikoni. Mke wangu aliwakataza watoto wetu watatu kupita kamba ya kuanikia nguo. Mimi niliwaambia wenzangu kazini, huku nikicheka, kwamba mama wa nyumbani kwangu anaogopa maji.

Mkuu wa idara yetu alikuwa na pisini yenye ukingo wa granito nyeupe, ile saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe na kusuguliwa mpaka inang'aa kama sahani. Niliwahi kusimama juu yake na glasi mkononi, nikaona sura yangu pale chini, karibu na viatu. Tangu siku hiyo nikaitaka.

Nilimwita fundi wa mawe, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Alikuwa ametandaza sakafu za nusu ya mtaa ule tangu wakati wa Wabelgiji. Alikuja Jumamosi asubuhi na vipande vitatu juu ya mkokoteni, akavipanga kwenye majani: granito, bamba nene la jiwe jeusi, na jiwe gumu lenye chembe zinazometameta.

"Granito," nilisema kabla hajamaliza kuvipanga.

Mzee hakubisha. "Granito iko muzuri, baba. Lakini iko ya salon, ya kupokelea bageni. Mayi ikimwangika juu yake, utaona."

Mke wangu akatoka jikoni na beseni la maji. Nilidhani anamletea mzee maji ya kunawa. Alipita mbele yetu, akashuka ngazi ya chuma, akaingia ndani ya pisini kavu na kitenge chake.

"Muzee," alisema kutoka chini, "weka ile nyeupe hapa juu, itokeze kidogo. Halafu simama juu yake."

Mzee alinitazama mimi kwanza. Kisha akaweka kipande kwenye ukingo, akasimama juu yake ili kisianguke. Mke wangu alichovya mikono katika beseni, akaishika granito kwa vidole, akaning'inia kwa uzito wake wote. Vidole viliteleza mara moja. Akajaribu tena, vikateleza. Jiwe jeusi lilikuwa nene mno, vidole vyake havikufika popote pa kushika. Lile la tatu alilishika vizuri, lakini alipoachia alinionyesha kiganja: kilikuwa na mkwaruzo wa damu.

Jirani yetu, karani mmoja wa ofisi kuu, alikuwa amesimama upande wa pili wa ua akitazama.

"Mama, watu wanaangalia," nilimwambia.

"Baangalie."

Mzee alishuka kutoka juu ya jiwe, akachuchumaa ukingoni. "Mama, unatafuta libwe ya namna gani?"

"Ya kukamata. Isiteleze, isikate, tena iwe nyembamba."

Mzee alifikiri kidogo, akasema mawe ya namna hiyo yako Lukafu, chini ya milima. Ni mekundu na yanapasuka kama kurasa za kitabu, na wakulima wa huko huyavunja wakati wa kiangazi. Mimi nilisema Lukafu ni mbali na barabara ni mbaya. Lakini wiki ile kila nilipotaja granito alinyamaza kwa namna ambayo mwanamume aliyeoa anaijua, na mwishowe nikamwomba rafiki yangu mmoja mwenye lori, aliyekuwa anaenda kuchukua mahindi, atubebe.

Mbele ya lori palitosha watu watatu: dereva, mzee na mke wangu. Mimi nilipanda nyuma, juu ya magunia matupu. Tulipofika nilikuwa mwekundu wa vumbi mpaka nyusi.

Mwenye mawe alikuwa mkulima. Alikuwa ameyapanga kando ya shamba lake la mihogo, mafungu makubwa na madogo, akatuachia tuchague, yeye akarudi kwenye jembe. Nilitoa futi yangu, nikaenda moja kwa moja kwenye mabamba makubwa. Ikiwa granito nimeikosa, nilijiambia, angalau ukingo wangu uwe mzito, uonekane.

Mke wangu alifungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi ya daftari la shule. Juu yake palikuwa na mkono uliochorwa kwa penseli, vidole vitano vimetanuliwa. Nilijua mara moja ni wa nani: ni mkono wa mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka minne. Aliikunja karatasi juu ya ukingo wa jiwe moja, kama mkono unavyokunjika, akatazama vidole vinaishia wapi.

"Hii hapana," alisema. "Hii hapana. Hii iko sawa."

Mzee alimfuata jiwe kwa jiwe. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Mama, weye unajua mayi. Ulijifunzaka wapi?"

Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwao, nimeinama juu ya bamba langu na futi. Sidhani alisahau kwamba nipo. Nadhani hakujali tena.

"Kwetu, Pweto, pembeni ya ziwa," alisema. "Tulikuwaka tunaogelea sawa samaki, mimi na mudogo yangu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, yeye tisa. Kulikuwa ukuta ya simenti, pale banashusha samaki. Ilikuwa laini, tena na majani ya mayi juu yake. Ile siku mayi ilikuwa na nguvu, sababu ziwa inatokea pale, inakuwa muto. Mimi nilitoka kwa ngazi. Yeye mayi ilimusukuma mbali na ngazi, akakuja kwa ukuta."

Alikunja karatasi mara mbili, akaikunjua.

"Alifika. Ile ndiyo bantu habajui. Alifika. Aliweka mikono juu, ikateleza. Aliweka tena, ikateleza. Nililala chini, nikamukamata vidole, navyo vikateleza. Hakulia. Alikuwa ananiangalia tu, sawa muntu anangoja bamufungulie mulango. Kisha akachoka."

Mzee alisema maneno ya Kiislamu ya msiba, taratibu.

"Bantu bote balisema: mutoto hakujua kuogelea. Baba yangu alisema vile, mama yangu alisema vile. Balikataza kutaja jina yake. Na mimi nikanyamaza."

Mzee alikaa juu ya mawe. Akanyoosha mkono. "Nipe ile karatasi, mama. Tutapima yote kwa ule mukono."

Nikiri jambo ambalo sikulisema kwa miaka mingi: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa wivu. Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa. Nilijua kwamba ndugu yake mmoja alikufa utotoni, na sikuwahi kuuliza alikufaje, kwa sababu kila nyumba ina mtoto wa namna hiyo. Na sasa alikuwa amemwambia mzee aliyeonana naye mara mbili. Aibu ilikuja baadaye, njiani, nilipokuwa nimekaa nyuma ya lori juu ya mawe yale, nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nawachekesha wenzangu ofisini.

Jioni ile alikuwa anaosha miguu uani. Nilimuuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Haukuniulizaka, baba. Ulisema tu, mama anaogopa mayi."

"Nilikosa."

Alimimina maji juu ya mguu wa pili. "Nenda unawe," alisema. "Uko na vumbi hata ndani ya masikio."

Mzee alifanya kazi ile karibu mwezi mzima. Kila jiwe alililaza litokeze vidole vinne juu ya maji, akaviringisha pua yake, ile ncha ya mbele, kwa patasi, na chini yake akachonga mfereji mdogo wa ncha za vidole. Karatasi ya mkono ilichakaa, akaibandika kwenye kipande cha ubao. Mkuu wetu alipopita kutazama, alisema rangi ile inamkumbusha kijiji. Nilimjibu kwamba ndivyo mke wangu alivyochagua, na kwa mara ya kwanza sikuona haya kusema hivyo mbele yake.

Maji yalichukua siku mbili kujaa. Mke wangu aliingia saa nne asubuhi, na gauni la zamani. Sikuwa nimewahi kumwona ndani ya maji. Alizama upande mmoja, akaibukia upande wa pili, akashika jiwe kwa mkono mmoja, akakaa pale, kichwa kimelala juu ya mkono. Tulisubiri, mimi na watoto, mpaka alipoinua uso na kuwaita.

Hakuwafundisha kuogelea kwanza. Aliwafundisha kufika ukingoni, kushika na kutoka. Mara kumi, mara ishirini, mpaka wakachoka kucheka. Kisha akaniita mimi. Nilijifunza pamoja na mtoto wangu wa miaka minne, na yeye alinishinda.

Pisini ile tulikuwa nayo miaka minne. Pampu iliharibika, vipuri havikupatikana, maji yakawa ya kijani, na halafu nikahamishwa kwenda mji mwingine wa mgodi. Nasikia aliyetufuata alifuga bata ndani yake.

Lakini kabla ya hapo tulipata mtoto wa nne, wa kiume, na mke wangu akampa jina la ndugu yake. Wakati ule serikali yenyewe ilitaka majina ya mababu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Aliandika barua Pweto, na mama yake akaja kwa lori la samaki wakavu.

Mkwe wangu nilimheshimu kwa mila: sikukaa naye meza moja, tulisalimiana kwa mbali, macho chini. Ndiyo maana yale ya siku ile niliyaona kupitia dirisha la jikoni. Mke wangu alimketisha ukingoni, akauchukua mkono wake, akauweka chini ya pua ya jiwe. Alizungumza kwa muda mrefu. Mama mzee hakumtazama, alitazama maji. Kisha akauliza kitu, mke wangu akaitikia kwa kichwa, na wakakaa hivyo mpaka jua likawahamisha.

Nilipouliza, na safari hii niliuliza siku ileile, mke wangu alisema kwamba mama yake aliishi miaka yote akimlaumu marehemu mumewe kwa kutomfundisha mtoto kuogelea. Alikuwa amemlaumu hata siku ya kumzika mume huyo.

Mama mzee alikuja kwa wiki mbili, akakaa miezi miwili. Siku zote hizo alimbeba mjukuu wake mgongoni, akamwita kwa jina lake: alipomlisha, alipomwosha, alipokuwa akipalilia mboga na hakuna wa kumsikia. Alimwita hata akiwa amelala, mpaka mtoto akaamka analia, na mke wangu akalazimika kumwambia, "Mama, umuache alale."