Vyuma vya Usoke

Majidi wa mtaa wa Ng'ambo ni mwoga, na mwenyewe hakatai. Mbwa akibweka tu, yeye kashavuka barabara. Lakini mpe springi ya gari iliyokatika, atakufulia patasi kali ya kunyolea ndevu. Mpe kipande cha mninga kilichotupwa na mafundi vitanda, atakutolea randa. Maseremala wengi wa Tabora wanafanyia kazi vifaa vyake.

Juzi Shilinde, muuza vyuma chakavu, alimletea kiroba cha vyuma vinene vilivyopindwa. "Nimeviokota Usoke, kando ya reli. Vimetupwa hivyo." Majidi hakuuliza zaidi, maana chuma kilikuwa kizuri na bei ya kutupa. Hapo ndipo alipojitia upofu, na alijua.

Leo asubuhi alimpandisha mkewe Kuluthumu treni ya Kigoma, ashukie Kaliua kwa mdogo wake aliyejifungua. Akarudi kwenye kibanda chake cha uhunzi, akawasha moto, akashika chuma kimoja akifute. Kwa nje kilikuwa na kutu, lakini pale kinapobana reli kiling'aa kama sufuria mpya. Chuma kilichotupwa hakiwi hivyo. Hiki kilikuwa kimeng'olewa kazini, reli ikabaki haijabanwa.

Treni ya Kigoma inapita Usoke.

Alimpigia Kuluthumu, hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Aliwaza kukitumbukiza kiroba chooni, anyamaze. Kesi ya vyuma vya reli si mchezo, watu wanaozea ndani. Alifika mpaka mlangoni mwa choo, wallahi. Kisha akakibeba kiroba begani, akakimbia nacho stesheni kwa jua lile, watu wakimcheka njiani.

Alikimwaga mezani kwa mkuu wa stesheni. "Shikamoo mzee. Hivi vimetoka Usoke. Mke wangu yumo kwenye treni ya Kigoma. Simamisheni treni."

Mkuu wa stesheni aliviangalia mara moja tu, akanyakua simu. Askari akaja kusimama mlangoni. Majidi alitetemeka hata kiti kikawa kinalia chini yake.

Simu yake ikaita.

"Baba Najiat," Kuluthumu alilalamika, "treni yenu hii imesimama porini, hata Usoke hatujafika. Wamekaa tu! Sijui wana wazimu gani watu hawa, na jua hili."

Majidi aliigandamiza simu sikioni.

"Waache wakae, mama," alisema. "Wakae hapo hapo."

Akakata, akampa askari simu hiyo, akainuka amfuate.