Mtunza Taa Aliyeogopa Ngazi

Kamati ya kijiji ilinipa kazi ambayo hata adui singempa: kuandika historia ya mnara wetu wa taa, ukurasa mmoja tu, ichorwe kwenye ubao wageni wasome. Waliniteua kwa sababu nilisomesha shule ya msingi Msambweni hadi nikastaafu. Nami nikakubali, mjinga mimi.

Nilianza na wazee watatu wa kamati. Wa kwanza alisema mnara ulijengwa na Wareno. Wa pili akaapa ni Wajerumani. Wa tatu akasema ni Waingereza, na babu yake ndiye aliyebeba mawe. Wiki nzima walinipigia simu, kila mmoja akitaka niwafute wenzake.

Nilipochoka nao nikaenda Kibuyuni kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mtunza taa wa mwisho. Nilimkuta uani akifunga mwani kwenye kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, nishikie kamba."

Nikamuuliza mumewe alikuwa akiiwashaje ile taa. Akanitazama kwa mshangao.

"Mume wangu? Yule alikuwa na kizunguzungu. Mwezi wa kwanza alikwama katikati ya ngazi, nikapanda kumteremsha. Tangu siku hiyo nikipanda mimi. Nafuta masizi, natia mafuta, nawasha. Yeye chini, atia sahihi kitabu cha zamu."

"Miaka yote hiyo?"

"Hata nikiwa na mimba."

Nilirudi mbio kwa kamati. Wazee wakanisikiliza, kisha yule wa Wajerumani akapiga mwayo.

"Hilo twalijua sote."

"Basi mbona hamkuniambia?"

"Wewe uliuliza nani aliyejenga."

Kichwa kilitaka kunipasuka. Niliandika yote, wakayakata, eti tusimwaibishe marehemu. Ubao ukasimamishwa ukisema mnara ulijengwa na "wageni wa zamani", na kwamba mtunza taa wake wa mwisho, mtu shupavu, aliupanda kila jioni bila kukosa.

Nilimpeleka mama mkubwa akaone. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, na alipofika penye "shupavu" akacheka hadi akajifuta machozi kwa leso.

"Hukasiriki?" nikamuuliza.

"Nimkasirikie nani, mwanangu? Wengi walioniona nikipanda wangali hai, na wanajua."

Mimi nilikasirika kwa niaba yake, na mpaka leo sijapoa. Ukurasa wangu wa kwanza, ule mzima, nimewapa binti zake.