Kifuniko cha Radiata

Mashine yetu ya kukamua mawese kule Kizuka inazungushwa na injini ya dizeli, na ndiyo inayotulisha. Asubuhi ile, injini ikiwa bado baridi, nilifungua radiata nikachovya kikaratasi cha kupimia dawa inayozuia kutu. Nikakilinganisha na rangi za kwenye kopo lake. Dawa ilikuwa karibu kwisha. Maji yalipopungua, mume wangu alikuwa akiongeza ya ziwa tu.

“Si bado iko kijani, mama mutoto?” mume wangu akaniuliza.

“Kijani ni rangi tu. Hata sabuni iko kijani, utaitia?”

“Baba alitia ya ziwa miaka yote.”

“Na injini ya baba iko wapi?”

Ililiwa na kutu, sasa kuku wanailalia nyuma ya nyumba.

Mtoto akiwa mgongoni, nilikifunga kifuniko cha radiata katika pindo la kitenge changu, injini isiwashwe. Wateja wakaja na chikichi zao, nikawaambia wamuulize mume wangu, naye akaondoka.

Adhuhuri alirudi kutoka mjini na kidumu cha dawa. Tulimwaga maji yale, tukatia mapya. Nilipima tena mwenyewe, ndipo nikafungua pindo.